Nina pointi saba za PCB, baba mdogo anataka daktari: nichague kozi gani, na nisomeje?

Shikamooni walimu,

Mimi ni binti wa Nansio, Ukerewe. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, tahasusi ya PCB. Matokeo yangu ni Kemia C, Biolojia C, Fizikia E. GS (Maarifa ya Jumla) nimepata D, BAM (hesabu za msingi za kidato cha sita) nimepata S. Kidato cha nne nilikuwa na D ya Hisabati na C ya Kiingereza.

Baba anaanika dagaa. Anayenilipia ada ni baba mdogo, yuko Buzuruga, Mwanza. Yeye kauli yake ni moja: PCB ni ya udaktari, kama alama hazijafika nirudie mtihani. Rafiki yangu naye ananisukuma kwenye ualimu wa sayansi, anasema ajira yake ni ya uhakika. Mimi kilichonishika shuleni ni maabara, hasa titresheni na kuangalia slaidi kwenye hadubini. Nimesikia pia kuna kozi za uvuvi na ufugaji wa samaki, ila nikizitaja nyumbani wanacheka: usome miaka mitatu halafu urudi kwenye dagaa?

Jambo la pili linanitisha zaidi. Nasoma sana lakini sishiki. Kabla ya mtihani nilikuwa nakesha hadi saa 9 usiku. Daftari la Fizikia nililirudia mara nne, limejaa mistari ya kalamu ya rangi. Ndani ya chumba cha mtihani naliona swali, najua kabisa nimelisoma, jibu haliji. Shuleni kulikuwa na kengele na prepo. Chuoni nasikia hakuna wa kukufuata, na wengi wanadisko, yaani wanaondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza.

Nichague nini, na nijipange vipi? Nina kama wiki mbili kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Binti wa Nansio

*

Marahaba, mwanetu. Hongera kwa kufika hapo, maana kwa jinsi barua yako ilivyoandikwa mtu angedhani umefeli. Hujafeli.

Tuanze na hesabu ambayo nyumbani haijapigwa. Katika kupanga udahili wa vyuo vikuu, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) inahesabu A kuwa pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1 na S nusu pointi. Wewe una 3 + 3 + 1, yaani 7, na prinsipo tatu (prinsipo ni somo ulilopata kuanzia E kwenda juu). Kozi nyingi za shahada zinaanzia prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. Kwa jumla, basi, mlango uko wazi. Kinachofunga mlango ni kitu kingine: kila kozi inataja masomo yake, na kila somo lina alama yake ya chini kabisa. Unaweza kuwa na pointi za kutosha ukaangushwa na herufi moja. Kwenye udaktari herufi hiyo ni E yako ya Fizikia. Vigezo vya kozi hiyo vimekuwa vikitaka angalau D kwenye kila moja ya masomo matatu, kwa hiyo C zako mbili haziwezi kuibeba Fizikia. Hilo mwambie baba mdogo kama lilivyo, bila kubishana naye.

Sasa kurudia. Hatukushauri, na sababu ziko wazi. Mtahiniwa wa kujitegemea anakaa mtihani mwezi Mei na matokeo hutoka karibu na Julai, kwa hiyo ni mwaka mzima kwa ajili ya kupandisha somo moja. Somo lenyewe lina karatasi ya vitendo, na mtu asiye na shule hana maabara ya kufanyia mazoezi isipokuwa akatafute kituo na kulipia. Zaidi ya yote, ukirudia kwa mtindo uleule wa kukesha na kupiga mistari, E itarudi na ndugu zake. Kama siku moja bado utautaka udaktari, kuna njia ndefu: Stashahada ya Utabibu, miaka 3, umalize na GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0 na uwe na ufaulu wa masomo ya sayansi, Hisabati na Kiingereza wa kidato cha nne, kisha uombe udaktari, miaka 5, na mwaka 1 wa mafunzo kazini. Jumla ni miaka 9 badala ya 6, lakini tangu mwaka wa tatu una kazi mkononi. Baba mdogo apewe hesabu hiyo naye apime.

Ualimu tutaupita haraka. Kama hupendi kumweleza mtu jambo moja kwa njia tatu tofauti mpaka aelewe, usiende. Uhakika wa ajira anaousema rafiki yako ni wa zamani. Siku hizi mwalimu naye anaomba nafasi na kushindana na wengi.

Umesema unapenda maabara. Neno hilo linabeba kazi mbili zisizofanana, na vijana wengi huomba moja wakidhani ni nyingine. Ya kwanza ni maabara ya afya: damu, mkojo, makohozi, slaidi za malaria, mashine za kuhesabu chembe za damu, zamu za usiku. Kazi hiyo ina baraza lake, na bila kusajiliwa nalo hugusi sampuli ya mgonjwa. Ya pili ni teknolojia ya maabara, ile ya viwanda, maji, migodi, vyakula na shule, ambako unapima klorini kwenye maji ya bomba au kiasi cha dhahabu kwenye mawe yaliyosagwa. Anayesoma ya pili haajiriwi hospitali kupima wagonjwa, hata vyeti vyake viwe vizuri namna gani. Majina ya kozi yanakaribiana sana, kwa hiyo soma kozi inasajiliwa wapi kabla ya kusoma jina lake. Na kabla ya kulipa chochote hakikisha chuo chenyewe kimo kwenye orodha ya TCU, au ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, kama ni cha kati.

Kuhusu samaki, wanaokucheka wanaliangalia ziwa kutokea kwenye mwalo tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya usalama wa chakula, na viwanda vya minofu ya sangara vikapoteza soko lao kubwa. Soko lilifunguka baada ya ukaguzi na upimaji kuwekwa sawa. Ndiyo maana Nyegezi, hapo Mwanza, leo kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki, na ndiyo maana kila kiwanda cha minofu kinahitaji mtu wa ubora anayejua mikrobiolojia. Mtu huyo ni wewe mwenye C ya Biolojia na C ya Kemia. Hata dagaa wa baba: wanaoanikwa mchangani hubeba mchanga na uchafu, wanaoanikwa kwenye vichanja hukauka kwa usafi na kupata bei, na mtaalamu wa uchakataji ndiye anayepima unyevu uliobaki na kueleza kwa nini mzigo fulani umeota ukungu njiani.

Upande wa vizimba vya kufugia samaki kazi ni hesabu kila asubuhi. Kizimba chenye sato 1,000 wenye wastani wa gramu 100 kina kilo 100 za samaki. Ukiwalisha asilimia 3 ya uzito wao, chakula cha siku ni kilo 3. Usipowapima upya kila baada ya wiki mbili hivi, utaendelea kumwaga kilo 3 wakati wamekua na wana njaa, au utamwaga nyingi kuliko wanavyokula, chakula kioze chini na oksijeni ishuke. Samaki wakianza kuhema juu ya maji alfajiri, ni mtu aliyesoma kemia ya maji anayejua aanzie wapi. Kama hesabu ya namna hii inakuchosha hata kuisoma, hiyo nayo ni taarifa.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, chukua siku moja au mbili uje Mwanza. Pitia hospitali ya Bugando na Nyegezi, tafuta mtu aliyeajiriwa miaka ya karibuni, usimtafute mkuu wa idara. Usimwulize kama kazi ni nzuri, atakujibu kwa adabu. Mwulize jana kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni alifanya nini, saa kwa saa. Mwulize kosa gani linamfanya mtu aitwe ofisini (maabara ya hospitali mara nyingi utasikia: sampuli iliyoandikwa jina la mtu mwingine). Mwulize waliosoma naye wako wapi sasa. Majibu hayo matatu yatakusaidia kuliko vipeperushi vyote.

Kisha fungua mwongozo wa TCU wa mwaka huu kwa waliomaliza kidato cha sita. Usitumie wa mwaka jana ulionao kwenye simu, vigezo hubadilika. Kwa kila kozi kuna vigezo vya kuingia, pointi za chini, idadi ya nafasi na muda wa kozi. Chora jedwali kwenye daftari: kozi, masomo yanayotakiwa, alama zangu, nafasi. Weka alama ya ndiyo au hapana, usiandike labda. Idadi ya nafasi iangalie kwa makini. Kozi ya nafasi 50 inayoombwa na kila mwana-PCB haichukui wenye kiwango cha chini hata kama kinawaruhusu kuomba. Halafu S yako ya BAM na D ya Hisabati usizione takataka, kozi kadhaa za sayansi hutaka moja kati ya hizo na watu hukosa kwa kutokuwa nayo.

Kama tungekuwa tunajaza sisi, tungepanga hivi. Juu kabisa Shahada ya Sayansi ya Maabara ya Afya, na CUHAS, chuo kikuu cha afya hapo Bugando, wanayo, iwapo C, C na E zinapita vigezo vya mwaka huu. Inayofuata ni uvuvi na ufugaji wa viumbe maji, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha, na SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro, nao wana kozi ya ufugaji samaki. Chini yake uweke stashahada moja ya akiba, ama ya maabara ama ya uvuvi pale FETA, chuo cha uvuvi cha Nyegezi. Stashahada si adhabu: ukimaliza na GPA nzuri unaomba shahada, tena ukiwa na mikono iliyozoea kazi. Na kama ziara ya Mwanza imekupeleka upande wa samaki, geuza mpangilio, usione haya. Maombi ya shahada yanaenda moja kwa moja kwenye chuo husika. Anayekuambia umtumie hela akuombee TCU, mkwepe.

Tuje kwenye usomaji, maana hapo ndipo kozi yoyote utakayochagua itasimama au itaanguka.

Ulipoliona swali ukajua umelisoma, ubongo wako ulilitambua tu. Kulitambua jambo na kulitoa kichwani bila msaada ni kazi mbili, na kurudia daftari mara nne kunafundisha ile ya kwanza. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Baadhi waliyarudia kusoma, wengine waliyafunga na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima wakawaacha mbali. Ndiyo maana usiku wa saa 9 ulijiona umeiva, na wiki iliyofuata huna kitu. Kukesha kulizidisha tatizo, kwa sababu usingizi ndio unaotuliza kichwani kile ulichosoma mchana.

Badilisha hivi. Kila ukurasa wa daftari uukunje theluthi ya kushoto. Upande wa kulia andika lekcha. Jioni ileile, upande wa kushoto andika maswali ambayo notisi zile zinajibu, matano au sita kwa lekcha moja. Kisha funika kulia, chukua karatasi tupu, jibu maswali kwa dakika 20. Utakwama, na kukwama ndiko kunakofanya kazi, kwa hiyo usifungue haraka. Mwishoni funua na ujaze mapengo kwa kalamu nyekundu. Nyekundu ndiyo utakayorudia, nyeusi iache. Rudia maswali hayohayo kesho yake, siku ya tatu, baada ya wiki, na baada ya wiki tatu. Andika tarehe hizo pembeni mwa ukurasa siku ileile, la sivyo hutazikumbuka.

Kwa majina, fomyula na hatua za michakato, nunua karatasi moja ya manila. Ikunje nusu mara tano, ukate: unapata kadi 32. Swali mbele, jibu nyuma, jambo moja kwa kadi. Tafuta bahasha tatu. Ya kwanza unaipitia kila siku, ya pili kila siku tatu, ya tatu kila wiki. Kadi uliyopata inasonga bahasha ya mbele, uliyokosa inarudi ya kwanza hata kama ilikuwa ya tatu. Hizi unaweza kuzipitia kwenye daladala ya Nyegezi au foleni ya maji.

Fizikia na hesabu za kemia hazisomwi kwa macho kabisa. Mfano uliofanywa na mwalimu ufunike, ufanye mwenyewe hadi mwisho, ndipo ulinganishe. Kisha changanya: maswali mawili ya mada ya leo, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Ukifanya kumi ya mada moja mfululizo, unajua fomyula ipi inatumika kabla hujasoma swali, na mtihani hautakupa nafasi hiyo.

Muda sasa. Vyuo vyetu vinahesabu krediti 1 kuwa saa 10 za kazi, na mwaka una krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Kwa wiki 30 ni saa 40 kwa wiki. Ratiba ikikupa saa 20 za lekcha na maabara, nyingine 20 ni zako na hazina kengele. Zigawe: saa 3 kila siku Jumatatu hadi Ijumaa, 5 Jumamosi, Jumapili pumzika. Soma dakika 50, nyanyuka 10. Weka saa ileile kila siku, kwa mfano saa 12 jioni hadi 3 usiku, na mahali palepale, maana anayeamua upya kila jioni aanze saa ngapi huishia kutokuanza. Simu iache kwa mwenzako wa chumba cha pili. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi. Saa 5 usiku uwe umelala.

Kwa nini wanadisko? Wengi hulegea wiki za mwanzo wakingoja bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) na kuzoea geto (chumba cha kupanga), wakati alama za darasani, ambazo vyuo vingi huzipa karibu asilimia 40, zinaanza kukusanywa mapema. Wanafika mtihani wa mwisho wakihitaji muujiza, ndipo madesa yanapotafutwa. Desa ni ufupisho wa mtu mwingine: lina majibu ya maswali aliyojiuliza yeye. Mitihani ya nyuma ni halali na ina faida, lakini ifanye kwa saa, bila notisi, kuanzia katikati ya muhula. Diskasheni iwe ya watu wanne, na kila mmoja afike ameshajaribu maswali peke yake. Bila hivyo mmoja anafundisha na watatu wanatikisa vichwa.

Maabara nayo: ripoti iandike siku ileile. Namba ziingie kwenye jedwali zikiwa na vizio vyake kabla hujapiga hesabu yoyote, na titresheni yenye tofauti kubwa usiichanganye kwenye wastani. Rudia hadi upate mbili zisizopishana zaidi ya sentimita za ujazo 0.2. Alama nyingi za vitendo hupotea kwenye vizio na jedwali, si kwenye kemia.

GPA ya mwaka wa kwanza inahesabiwa. Kwa kozi ya miaka 3 yenye krediti sawa, ukipata 2.8 mwaka wa kwanza na unataka 3.5 ya daraja la pili la juu, miaka miwili iliyobaki utahitaji wastani wa 3.85. Inawezekana, ila ni kupanda mlima.

Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, usiungoje hadi udahili utoke. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, unachukua siku, na jina la cheti likitofautiana na la NECTA (Baraza la Mitihani) hata kwa herufi utahitaji hati ya kiapo, kwa hiyo linganisha leo. Na ukidahiliwa na vyuo viwili, utatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha kimoja. Ithibitishe mwenyewe kwa simu yako, ndani ya muda uliotangazwa, ukishakaa na baba mdogo na lile jedwali mezani.